Wimbo Niliosema Umenijia Wenyewe

Durban, Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa baba yangu mzazi, Mwalimu Ramazani, Mikelenge, Kindu

Asalaam aleikum, Baba.

Barua hii ikukute umekaa mlangoni unapata upepo, isikukute umelala. Ikukute umeshiba. Mgongo unasemaje? Mdogo wangu Shabani aliniambia kwamba siku hizi unavuka kwenda shambani Alunguli mara mbili tu kwa juma, na kwamba mkifika ng'ambo wenzako wote wanashuka, wewe unabaki kwanza ndani ya mtumbwi ukibembelezana na magoti. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Na Mama je, anazinywa dawa zake za presha, au bado anazificha chini ya godoro akisema zinamkausha ulimi? Mwambie mimi niliye mbali namwona.

Sisi huku ni wazima, Alhamdulilahi. Mume wangu Saidi bado analinda magari ya wanunuzi sokoni, na kila jioni ananisimulia magari aliyoyalinda kana kwamba ni yake. Zaituni, mjukuu wako, amefika darasa la nne. Mbele ya wenzake anadai hajui sombe ya majani ya muhogo ni kitu gani, lakini nyumbani anakwangua sufuria mpaka inalia. Karatasi zetu zilikwisha muda wake tena. Tulipanga mstari tangu alfajiri tukarudi bila kitu, tukaenda tena tukarudi bila kitu, na mara ya tatu yule mwanamke wa dirishani akagonga mhuri bila hata kuniangalia usoni. Nilimwombea dua njia nzima. Mimi bado nashona katika duka la mama mmoja Mwislamu mwenye asili ya India, mzee kuliko Mama. Namwita Khala, yaani mama mdogo kwa lugha yao, na yeye ananiita binti. Habari yangu ya leo imepitia kwake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, wewe kwenye simu unasema, "Uko muzima? Tunashukuru Mungu. Ongea na mama yako." Kisha simu inahamia kwa Mama. Miaka yote hii nimekuwa naongea na wewe kwa maneno hayo hayo, na neno nililo nalo haliwezi kuingia humo.

Shabani ameniambia jambo lingine. Amesema vijana wa madrasa walikuja nyumbani na mkeka na sukari, kwa adabu zote, wakakuomba uwafundishe ile kaswida ya wakati wa vita waiimbe kwenye Maulidi inayokuja. Wao hawakuwepo, ila mama zao huiimba wakipika, na wao wameipenda. Na amenieleza ulivyowajibu: "Ile kitu niliiba. Muntu hamuimbie Mungu kitu ya kuiba. Nikikufa, munizike kimya." Tangu siku hiyo, Baba, nashona vibaya. Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa kulia, mimi fundi wa miaka kumi na mbili.

Hukuiba. Nimekaa chini niandike hilo, na nitaanza mbali, kwa sababu nusu ya mambo haya unaijua wewe na nusu ninaijua mimi, na hatujawahi kuziweka pamoja.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa pande zote. Treni ilikuwa imelala, njia za msituni zilikuwa na wenyewe, chumvi ilikuwa inauzwa kwa kijiko. Wewe ulitukataza mambo mengi kwa sababu ya hatari, lakini moja ulilikataza kwa sababu ya dini: chumba cha Papa Kambale, kile tulichokiita sali ya video. Unamkumbuka, yule mfanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkristo mpole mwenye tumbo, aliyekuwa na duka la sabuni na nguo. Bidhaa zilipomwishia alibaki na vitu vitatu: gurupu, ile mashine ya kutoa umeme, televisheni, na kaseti moja. Kaseti nyingine zote wanajeshi walikuwa wameziazima, na unajua kuazima kwa mwenye bunduki.

Kaseti hiyo moja ilikuwa filamu ya Kihindi. Jina lake hakuna aliyelijua. Sisi tuliiita Kitambaa cha Manjano, kwa sababu ya kitambaa ambacho msichana anampa mwanamume anayempenda. Ilionyeshwa saa nane mchana, maana jioni watu hawakutembea, na kiingilio kilikuwa glasi ya mchele. Ndiyo, Baba, mchele wa Mama. Mwaka ule panya walisingiziwa sana nyumbani kwetu.

Niseme nilichokiona mule, kwa sababu hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kumwambia mtu. Paa lilikuwa na matundu, na jua lilikuwa linaingia kwa vijiti vyembamba, vumbi likitembea ndani yake. Tulikaa juu ya matofali, mabega yamebanana, tunanuka jasho na mawese. Kisha filimbi inalia, na hapo tulikuwa hatupo tena Kindu. Kulikuwa na nyumba kubwa yenye ngazi, na msichana mwenye macho yaliyojaa usingizi, na kijana fukara anayefundisha watoto wa tajiri kuimba. Wanapendana kwa kuangaliana tu. Baba wa msichana anagundua, kijana anafukuzwa, anapanda treni na kile kitambaa shingoni. Msichana anakimbilia juu ya paa la nyumba, mvua inamnyeshea, nywele zimemganda usoni, na anaimba. Anaimba mpaka treni inakuwa ndogo, mpaka haipo, na yeye bado anaimba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuwahi kumpenda mtu, lakini nilikuwa nimeshaachwa na treni mara thelathini.

Hakuna aliyejua maneno. Wanawake walikuwa wanabishana msichana anasema nini, na Papa Kambale anawakata akiwa mlangoni: "Anasema, 'Baba, uniachilie niende.' Mi najua. Sura yake iko inaonyesha." Tukiuliza amejuaje, anajibu, "Mi ni muzazi." Na mwisho wa filamu hatukuwahi kuuona, maana utepe ulikuwa umeliwa. Msichana anaondoka nyumbani kwao kwa miguu, anavuka mashamba, halafu televisheni inaanza kuchemka nyeupe. Tulitoka nje tukisugua macho, tukarudi nyumbani kando ya reli iliyoota majani, na mimi kila siku nilisikiliza kama kuna treni inayokuja.

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, kwa maana ndilo lililotuvunja. Kaseti ilikuwa imechoka. Katika wimbo ule wa paani, pale sauti inapopanda juu kabisa, utepe ulikuwa unakwama kidogo. Sauti ya dada yule ilikuwa inavutika, inakuwa nzito, inashuka polepole kama mtu anayeteremka mlima na ndoo kichwani, kisha inashtuka na kurudi kwenye mwendo wake. Kila tulipofika hapo, sali nzima ilipiga makofi na kuita, "Vuta, mama, vuta!" Na mashine ilivuta. Sisi tulidhani wimbo ndivyo ulivyo. Hatukuwa na mwingine wa kulinganisha.

Siku ile nilikuwa natwanga sombe nyuma ya nyumba. Mwenyewe unaikumbuka. Nilikuwa naimba bila maneno, mdomo umefungwa, pamoja na ule mvuto wake mahali pake. Nilipogeuka nilikukuta umesimama, viatu mkononi, umetoka msikitini.

"Mauwa, ile sauti njo ya nani?"

"Sauti gani, Baba?"

"Ile uko naimba."

Mchi ulikuwa mkononi mwangu. Nilifikiria fimbo iliyokuwa juu ya mlango, nikafikiria mchele wa Mama. Nikasema, "Haiko ya muntu, Baba. Ilikuja yenyewe tu, niko natwanga."

Uliweka viatu chini. Kisha ukasema, "Rudilia." Nikarudia. Tulipofika kwenye ule mvuto ulifumba macho, Baba. "Hapo," ukasema, "hapo usipabadilishe." Siku zile tulikuwa tumezika watu wengi, na nadhani uliona kwamba Mungu ametukumbuka, na ametumia mtoto wako mwenyewe. Jioni ile ulinikatia kipande chako cha samaki. Nilikila.

Ulikaa siku nne ukiandika maneno. Ukaweka neno "rehema" mahali pale, ulivute, lishuke polepole. Ukatuita wasichana tisa, mimi nikiwa mbele. Na hapa kuna jambo usilolijua: siku ya kwanza ulipotuimbia mahadhi yale, wote tisa tulitazama chini. Wote walikuwa wanayajua. Kila mmoja alikuwa na glasi yake ya mchele. Lakini kusema "Mwalimu, hii ni ya sali ya video" ilikuwa sawa na kusema "Mwalimu, mimi naenda," basi kila mmoja akafunga kinywa na kumshukuru mwenzake kwa kujifanya mjinga. Ulitusifu ukasema hujawahi kuona wasichana wanaoshika upesi namna ile.

Siku ya Maulidi uwanja wa msikiti ulijaa. Watu walikuja na walichonacho, wengine na mihogo miwili tu ya kuchemsha, wamevaa safi. Tulianza, na kwa kweli ilikuwa nzuri, Baba. Sijawahi kuimba vile tena. Niliona wazee wanatikisa vichwa, niliona hata askari waliokuwa wakipita njiani wamesimama. Tukafika juu, nikalivuta lile neno, na nyuma kabisa sauti moja ikaita, "Vuta, mama!"

Sijui ilikuwa ya nani. Naamini hata mwenyewe hakujua kwamba anaita. Lakini nusu ya uwanja ilimalizia, "Vuta!" na makofi juu, kwa mazoea tu, na baadaye ndipo watu wakaona walipo. Niliona mabinti wa watu na mama zao wameshika midomo. Wazee wakawa wanaulizana kuna nini, na kijana mmoja mwenye kiherehere akawaeleza.

Wewe hukuwaangalia waliopiga kelele. Uliniangalia mimi. Pale ulijua.

Kesho yake baada ya alasiri wazee walikaa kwetu barazani. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya mlango, ule wa mbao za makasha, usio hata na komeo. Mama alikuwa amenishika mkono. Nilisikia kila neno.

"Mwalimu, ile sauti ilitoka wapi?"

"Niliichukua mwenyewe. Watoto hawana kosa."

"Uliichukua kwa video?"

"Njo kwa video."

"Ina maana uliingia mule ndani?"

Nilisikia kuku wanaparua. Nilikuwa na kazi moja tu, kuusukuma mlango. Halafu ukasema, "Niliingia."

Wewe uliyekuwa unapita njia ya mbali ili usipite hata mbele ya nyumba ile! Walipoondoka uliingia ndani, ukaniona, ukasema tu, "Unipe maji, nitawaze." Nilileta maji. Nilisubiri fimbo siku ile, nikaisubiri na juma lile. Ungenipiga, Baba, ningelia nikamaliza. Badala yake ulikabidhi vitabu vyako vya madrasa kwa mwalimu mwingine, ukachukua jembe, ukaanza kuvuka kwenda Alunguli. Vijana wa baiskeli walikuwa wanakuita njiani, "Mwalimu, leo wanaonyesha nini?" na wewe unawaitikia salamu kana kwamba wamekusalimia. Mimi nilikuwa nyuma yako na kapu la mbegu. Niliwachukia wao, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia.

Baadaye vita vilipungua, nikaolewa, tukaenda Lubumbashi, kisha huku. Nilidhani umbali utafanya kazi yake. Kweli kuna miaka iliyopita bila kulikumbuka jambo hili, au nikilikumbuka kama kitu nilichokiona kwenye filamu.

Mwezi uliopita watu huku waliandamana barabarani wakitaka wageni warudi kwao. Usimwambie Mama, au mwambie kidogo. Maduka yalifungwa. Saidi alijihifadhi kwa rafiki yake, na mimi na Zaituni tulifungiwa na Khala nyumbani kwake juu ya duka, siku mbili. Alisema, "Atakayewataka atapanda ngazi na kukuta bibi kizee na mkasi." Mchana ule kelele zilipoanza kusikika, mtoto akaanza kutetemeka. Khala akafungua kabati, akachagua filamu ya zamani, akaongeza sauti ya televisheni mpaka madirisha yakalia.

Nikasikia filimbi.

Baba, niliwahi kusikia watu wakisema mwili umekufa ganzi nikadhani ni maneno tu. Msichana akatokea kwenye ngazi. Kitambaa kikatokea, na ni cha manjano kweli! Televisheni ya Papa Kambale ilikuwa imeharibika rangi, sisi tulikiona kama majani yaliyokauka, ila yeye alituapia kuwa ni manjano. Nilikaa sakafuni, kichwa cha Zaituni mapajani, na nje watu wanaimba nyimbo zao za kutufukuza, na ndani mvua ya India ikaanza kunyesha. Kwa kitambo sikujua niko mji gani, wala kama nina miaka kumi na minne au arobaini. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, katika siku mbaya kama ile.

Akapanda paani. Akaimba. Sauti ikapanda, ikafika juu kabisa, na ikapita. Haikuvutika. Ilipita pale moja kwa moja kama mtu anayepita nyumbani kwenu bila kubisha hodi. Nikapiga kelele peke yangu, "Vuta!" Zaituni aliruka. Khala alisimamisha filamu akaniuliza kama nimechomwa na sindano.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kuanzia mchele mpaka jembe. Alipokuwa amesikia yote hakusema kitu juu yangu. Alisema, "Niimbie alivyoiimba baba yako." Nikaiimba kaswida yako mwanzo hadi mwisho, na rehema nikaivuta kama ulivyotufundisha. Akasema niirudie. Mara ya pili alivua miwani yake na kuiweka juu ya meza.

Akaniambia: "Binti, haya si mahadhi ya filamu. Filamu iliyaokota." Bibi yake alizaliwa katika kijiji kisicho mbali na Surat. Kijijini kwao kulikuwa na kaburi la mcha Mungu mmoja, na kila Alhamisi wazee walikaa pale wakimsifu Mtume kwa mahadhi hayo hayo. Bibi aliyaleta huku kwenye meli, akawalea watoto wake nayo katikati ya mashamba ya miwa, miaka mingi kabla ya filamu kutengenezwa. Filamu ilipofika mjini, watu wakimsimulia, yeye alikataa kukanyaga sinema mpaka kufa. Alikuwa akisema, "Wameiba sifa za Mtume wakamvisha msichana aliyelowa." Khala alicheka alipolisema hilo, na machozi yakimtoka.

Kisha akaiimba ya bibi yake. Sauti yake ni ya kizee, inakatika. Lugha siijui, lakini nilisikia jina la Mtume, na nilisikia "rahmat". Si pale pale ulipoweka wewe rehema, Baba, sitakudanganya tena. Ni mstari mmoja kabla. Lakini ni neno lile lile.

Basi elewa. Mahadhi yale yalitoka kwa watu wanaosali. Yakapotea njiani, yakaingia kwenye filamu, yakaingia kwenye begi la Papa Kambale, yakaingia kwenye kinywa changu mimi mwongo, na wewe, bila kujua, ukayashika mkono ukayarudisha nyumbani.

Mwisho wa filamu tuliuona, kama unataka kujua. Msichana anafika mjini kwa miguu, na kijana amekwisha kuondoka kumfuata yeye kwao. Wamepishana njiani, yeye kwa miguu, kijana kwenye treni. Kila mmoja amefika, na hakuna anayemkuta mwenzake. Zaituni alilia kuliko alivyolia kwa ajili ya kelele za nje.

Tuliporudi kwetu niliandika barua ya kwanza. Ilikuwa fupi na safi: Baba, nimepata habari, mahadhi yale ni ya sifa tangu zamani, waambie vijana waimbe. Nilimsomea Saidi, akafurahi. Lakini nilipoisoma tena niliona kwamba ndani yake mimi simo. Nikaichana. Saidi aliniambia, "Ile maneno iliishaoza, Mauwa. Juu ya nini uko naifukua? Tuma habari muzuri, basi." Nikamwambia haijaoza, baba yangu amevuka nayo mto miaka ishirini na zaidi.

Kwa hiyo nasema sasa. Nilikuwa nakwenda sali ya video, mara nyingi kuliko wenzangu wote. Uliponiuliza chanzo cha mahadhi nilikudanganya, na uliniamini kwa sababu ulikuwa unanipenda. Wazee walipokuuliza nilikuwa nyuma ya mlango na nikanyamaza. Kila ulichopoteza ulikipoteza kwa kinywa changu. Nisamehe, Baba. Sikuombi kwa sababu ya Khala wala ya bibi yake. Hata kama mahadhi yale yangekuwa ya walevi, kosa langu lingebaki lile lile. Nakuomba kwa sababu nimekukosea, na kwa sababu mgongo wako umeanza kuchoka na mimi sijasema.

Na nina ombi la pili, zito kuliko la kwanza. Siku ya Maulidi, kabla ya chochote kuimbwa, mpe Shabani barua hii aisome palepale uwanjani, yote, hata mchele, hata panya. Ulidhalilika mbele ya watu. Haitoshi mimi kutubu sikioni mwako. Wazee wale wengi wamekwisha kufa, lakini neno ulilolisema mbele yao bado liko hai, limerithiwa na watoto wao. Usinionee huruma. Ukiikunja na kuitia mfukoni nitajua umenificha mara ya pili, na mara hii sina umri wa kufichwa. Kama baada ya hapo utapenda kuwafundisha vijana au utapenda kunyamaza, hilo ni lako, sitaingilia.

Barua hii anaileta Mama Furaha, mwenzetu anayesafiri mpaka Lubumbashi. Kutoka huko itapanda treni, kama treni itakubali kutembea. Msalimie Mama, mwambie mkono alionishika siku ile bado nausikia. Msalimie Shabani, mdogo wangu, asome polepole asimeze maneno. Msalimie shangazi yangu aliye kule mji wa Kama, na mume wake, kama machimbo ya dhahabu yamempa nafasi ya kurudi nyumbani. Na kama Papa Kambale bado yuko hai, mumwambie kitambaa kilikuwa cha manjano.

Na ninyi nyote mliokusanyika mnaoisikia ikisomwa, asalaam aleikum. Baba yangu hakuingia mule ndani hata siku moja. Aliyeingia ni mimi,

Mauwa binti Ramazani